Jagadish Chandra Bose, Bingwa wa Mawimbi Bombani

Ndugu msomaji, kabla sijakupeleka Bara Hindi, hebu nikupitishe kwanza nyumbani kwa nyanya yangu. Nyanya ana redio kuukuu iliyofungwa kwa mpira mweusi uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira huo si urembo. Ukilegea kidogo tu, redio inanyamaza kimya kama maji mtungini, taarifa ya habari inakatika na nyanya anaanza kulalamika. Springi za betri zimeshika kutu. Mjomba amejaribu kukunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuisukumia pale, wapi! Bila mpira wa kukaza, hakuna sauti. Nilipokuwa mdogo nilidhani redio ile imerogwa.

Basi mwaka huu katika somo la fizikia tulifika kwenye mada ya mawimbi ya umeme na sumaku. Kitabu nilichokuwa nacho kiliwataja Maxwell, Hertz na Marconi, kisha kikashika njia yake. Mwalimu ndiye aliyeongeza jina la nne, tena kwa kupitapita tu, kengele ikikaribia kulia. Alisema kwamba kulikuwa na Mhindi mmoja aliyeyanasa mawimbi mafupi kuliko wote wa wakati wake, na kwamba siri yake ilikuwa katika springi, skrubu na namna ya kushikilia vitu. Nikakumbuka mpira wa nyanya. Nikaenda maktabani siku hiyo hiyo, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyaokota huko na kwingineko.

Jagadish Chandra Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Bengal, katika sehemu ambayo leo ni nchi ya Bangladesh. Wakati huo Bara Hindi lote lilikuwa chini ya Waingereza. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa mtumishi wa serikali, naibu hakimu, mtu wa cheo. Watu wa cheo chake waliwapeleka watoto wao shule za Kiingereza ili waanze mapema kuongea kama mabwana. Mzee huyu akakataa katakata. Aliamini kwamba mtoto sharti aijue lugha yake na watu wake kabla ya kujifunza Kiingereza, kwa hiyo akampeleka kijana shule ya kawaida iliyofundisha kwa Kibengali. Huko Jagadish aliketi pamoja na mwana wa mvuvi na mwana wa mtumishi wa baba yake, akasikiliza hadithi zao za ndege, wanyama na viumbe vya majini. Yeye mwenyewe alikuja kusema ukubwani kwamba hamu yake ya kuchunguza maumbile ilianzia hapo. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunaoambiwa kila uchao kwamba lugha yetu haina kazi katika sayansi, tunalo la kutafuna hapo.

Mwaka 1869 alihamia Calcutta, akaingia St. Xavier's, kwanza shule kisha chuo. Huko alifundishwa na padri Mjesuti aitwaye Eugène Lafont, aliyependa kuwaonyesha wanafunzi majaribio kwa vyombo badala ya kuwasomea tu. Mwaka 1880 akavuka bahari kwenda Uingereza kusomea udaktari. Udaktari ukamshinda, si kwa ujinga bali kwa ugonjwa, maana homa zilimwandama na harufu ya chumba cha kupasulia maiti ilizidi kumdhoofisha. Akahamia Chuo cha Christ's, Cambridge, akasoma sayansi. Mwalimu wake mmoja huko alikuwa Lord Rayleigh. Tafadhali likumbuke jina hilo, nitalirudia.

Aliporejea nyumbani mwaka 1885 alipewa kazi ya kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, Calcutta. Hapo ndipo mkuki ulipomchoma. Mwalimu Mhindi alilipwa theluthi mbili tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Na kwa kuwa Bose alihesabiwa kuwa mwalimu wa muda, yeye alipunguziwa hata hicho. Je, wewe ungefanyaje? Wengi tungegoma, au tungepokea tukinung'unika pembeni. Bose alifundisha kila siku, akafundisha vizuri, lakini mshahara akakataa kuugusa. Mwezi wa kwanza, wa pili, mwaka, miaka mitatu! Na haikuwa kwamba nyumbani kulikuwa na mali ya kutupa. Baba yake alikuwa amezama katika madeni kwa sababu ya miradi iliyoanguka, na mwaka 1887 Jagadish alioa, akamchukua Abala Das, binti aliyekuwa amesomea udaktari Madras na ambaye baadaye alipigania elimu ya wasichana. Bwana na bibi waliishi kwa kubana. Mwishowe wakubwa wa chuo walisalimu amri, wakampa cheo cha kudumu na kumlipa mshahara kamili wa miaka yote mitatu kwa mkupuo. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kidogo nikatabasamu peke yangu.

Sasa tuingie katika mawimbi yenyewe. Mwaka 1888 Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa ameonyesha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, yanayosafiri kwa kasi ya mwanga. Hertz akafa kijana mwanzoni mwa 1894. Mwaka huo huo Bose, akiwa na umri wa miaka 35 hivi, aliamua kuishika kazi hiyo. Chuo hakikuwa na maabara ya utafiti. Alipata kijumba kidogo cha kama futi 24 za mraba, yaani nafasi ya kugeuka tu, akatumia pesa zake mwenyewe, na vyombo alitengenezewa na fundi wa mabati asiye na shule, ambaye Bose alimfunza. Ukipita kwa mafundi wetu wa jua kali ukiwaona wanavyopinda bati, piga picha ya fundi huyo akilini.

Mawimbi ya Hertz yalikuwa marefu, mengine ya mita kadhaa. Bose aliyataka mafupi, kwa sababu alitaka kuyapima kama mwanga unavyopimwa, yapinde, yarudi na kuchujwa juu ya meza ndogo. Akaunda kitoa-cheche chenye vitufe vidogo vya chuma ndani ya sanduku lililozibwa, na kutoka humo akapata mawimbi ya sentimita 2.5 hadi milimita 5 tu. Wimbi la milimita 5 linatetemeka mara bilioni 60 kwa sekunde. Maikrowevu hizo! Na simu ya mkononi ilikuwa bado karibu miaka mia mbele.

Mawimbi hayo hakuyaacha yatawanyike ovyo. Aliyapitisha ndani ya bomba la chuma lenye uwazi, na upande wa kupokea akaweka faneli, mfano wa ile ya kumiminia mafuta ya taa, ili iyakusanye na kuyaingiza bombani. Leo wataalamu hutumia mabomba kama hayo kuongozea mawimbi katika rada na mitambo ya setilaiti, na faneli ile nayo imekuwa antena mashuhuri. Waya wa kawaida haufai sana kwa mawimbi mafupi hivyo, maana nguvu nyingi hupotea njiani kwa joto na kwa kuvuja. Bombani wimbi limefungiwa, linakwenda likigonga kuta na kurudi mpaka litokee upande wa pili.

Lakini bomba peke yake halitoshi. Ndani yake sharti kuwe na kitu cha kuhisi wimbi, na hapo ndipo penye kazi. Wenzake wa Ulaya walitumia kichupa chenye unga wa chuma. Wimbi likifika, vipande vinashikana na umeme unapita. Sharti ukigonge kichupa ili vipande viachane, ndipo ungoje wimbi jingine. Chombo hicho kilikuwa na tabia za mtoto mdeko, na katika unyevu wa Bengal vyuma vilizidi kuharibika. Bose akautupa unga. Akapanga springi ndogo za chuma cha pua katika mfereji mwembamba, zikigusana bega kwa bega, na pembeni akatia skrubu ya kuzibana. Ukikaza skrubu mno, umeme unapita hata bila wimbi, chombo ni kiziwi. Ukilegeza mno, haupiti kabisa. Katikati ya hapo pana mahali padogo sana ambapo chombo kinasikia. Mpira wa nyanya, sivyo?

Hapa naomba uvumilivu wako, hasa wewe unayepitisha macho haraka kila uonapo fizikia. Katika redio ya kawaida ya masafa ya kati wimbi huwa na urefu wa mita mia kadhaa. Kwa wimbi la namna hiyo, skrubu ya milimita moja ni kama punje ya mchanga mbele ya Mlima Kenya, haina habari nayo. Lakini wimbi likiwa la milimita 5, skrubu hiyo hiyo ni moja ya tano ya wimbi zima. Hapo kishikilio nacho kinakuwa sehemu ya mtambo. Kijiti cha chuma kilichosimamishwa ndani ya bomba ili kishike kihisio kinafanya kazi kama koili. Ule mwanya mdogo kati ya kijiti na kihisio unafanya kazi kama kapasita. Ukuta wa nyuma wa bomba unalirudisha wimbi kama mwangwi, na ukiusogeza uwe umbali wa robo ya wimbi hivi nyuma ya kihisio, mwangwi unakutana na wimbi linalokuja na kulitia nguvu. Ukiuweka vibaya, yanauana na kihisio hakipati kitu. Kwa hiyo kihisio kikiwa kizuri namna gani, bila kishikilio kizuri umefanya kazi bure.

Bose hakuwa na hesabu za mambo hayo. Alikuwa na vidole, subira na skrubu. Hesabu za mabomba zilikuja kutoka kwa yule yule Lord Rayleigh, mwalimu wake wa Cambridge, ambaye mwaka 1897 alithibitisha kwa karatasi na kalamu kwamba mawimbi yanaweza kusafiri ndani ya bomba tupu, na kwamba bomba likiwa jembamba mno wimbi halipiti. Katika bomba la pembe nne, kwa mfano, upana ukipungua chini ya nusu ya urefu wa wimbi, mlango umefungwa. Mwalimu na mwanafunzi, mmoja London na mwingine Calcutta, karibu wakati mmoja, mmoja kwa kalamu na mwingine kwa bati! Tena Rayleigh ndiye aliyeipeleka kazi ya Bose mbele ya Royal Society mwaka 1895.

Kuna jaribio moja lililonichekesha. Bose alitaka chombo cha kuchuja mawimbi yanayotetemeka upande mmoja tu. Alichukua kitabu cha ratiba za reli, kile cha Bradshaw, akaingiza karatasi za bati nyembamba kati ya kurasa. Wimbi lililotetemeka kufuata kurasa lilizuiwa, lililotetemeka kuzikata kurasa likapita. Safari nyingine alisokota nyuzi za juti, hizi zinazofumwa magunia, akaona zinaupinda mtetemo wa wimbi. Magunia na ratiba ya treni, na hapo ndipo sayansi ya maikrowevu ilipopigia hatua zake za kwanza.

Mwaka 1895 alionyesha hadharani Calcutta jinsi mawimbi yalivyoweza kupiga kengele na kulipua baruti kwa mbali bila waya. Nadhani watu walipigwa na butwaa. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha London kilimpa udaktari wa sayansi, na Ijumaa jioni ya tarehe 29 Januari 1897 alisimama mbele ya Royal Institution, London, na vyombo vyake vyote vya mezani. Huyo ndiye mtu ambaye miaka michache kabla hakuhesabiwa kustahili mshahara kamili.

Msidhani alikuwa mtu wa vyuma tu. Mwaka 1896, katikati ya majaribio hayo, aliandika kwa Kibengali hadithi ya kubuni kuhusu dhoruba baharini iliyotulizwa kwa chupa ya mafuta ya nywele, akashinda nayo tuzo. Mshairi Rabindranath Tagore alikuwa rafiki yake mkubwa. (Wanachama wanaosema hawawezi kuandika insha kwa sababu wao ni watu wa sayansi, wasikie.)

Baadaye alipata kihisio bora kuliko springi. Ni galena, jiwe jeusi linalong'aa, madini yanayotoa risasi. Alilibana kwa ncha ya chuma, tena kwa skrubu ya kurekebisha kiasi cha kubana, akaona linahisi mawimbi na hata mwanga. Ni kweli kwamba Mjerumani Ferdinand Braun alikuwa ameona tangu 1874 kwamba mawe ya namna hiyo hupitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine, lakini Bose ndiye aliyelitia jiwe kazini kunasa mawimbi. Kuhusu hataza, yaani hati inayolinda haki ya mvumbuzi, Bose hakuzipenda hata kidogo. Aliona elimu si bidhaa. Alipokuwa London mwaka 1901 mtu wa biashara ya simu za upepo alimtaka wauze pamoja, akakataa. Rafiki yake Mmarekani, Bi. Sara Bull, ndiye aliyemsukuma mpaka ombi likapelekwa Marekani mwezi Septemba mwaka huo. Hataza namba 755,840 ilitolewa tarehe 29 Machi 1904, ya kwanza duniani kwa kifaa cha semikondakta, ukoo ule ule uliozaa dayodi na transista. Yeye akaiacha ilale. Hakuvuna hata senti.

Hapa nakiri sikubaliani naye kabisa. Marconi alizishika hataza zake kwa mikono miwili, na mwaka 1909 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Braun. Baadhi ya wanahistoria wa redio wamedai kwamba kihisio cha zebaki alichotumia Marconi mwaka 1901 kuvusha ishara Atlantiki kilitokana na kile alichokichapisha Bose mwaka 1899. Hata tukiacha ubishi huo, nauliza: mtu aliyekataa mshahara nusu kwa miaka mitatu kwa ajili ya haki yake, mbona hii haki nyingine aliiachilia ipeperuke? Rafiki yangu tunayeketi naye dawati moja ananiambia kwamba ni jambo lile lile, kwamba mara zote mbili alikataa kupangiwa bei na wengine. Tumebishana mpaka taa zikazimwa bwenini. Bado sijashawishika.

Lililoniuma zaidi ni kwamba aliyaacha mawimbi yenyewe. Tangu mwanzo wa karne ya 20 aligeukia mimea, akachunguza jinsi inavyoitikia joto, sumu na umeme, akaunda mashine ya kupima ukuaji wake mdogo mno. Wengine walimsifu, wengine walimpinga vikali. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1917, na tarehe 30 Novemba mwaka huo, siku yake ya kuzaliwa, akafungua taasisi yake ya utafiti Calcutta. Mwaka 1920 akaingizwa Royal Society. Habari za mimea nawaachia wenzangu wa bayolojia.

Mabomba yakasahauliwa. Redio ya dunia ilikwenda kwenye mawimbi marefu yanayofika mbali, na kwa miaka kama 40 hakuna aliyekuwa na haja kubwa na milimita za Bose. Mwaka 1936 Wamarekani wawili, Southworth na Barrow, kila mmoja kivyake, waliyafufua mabomba kana kwamba ni jambo jipya. Bose alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937, wiki moja tu kabla ya kutimiza miaka 79. Miaka mitatu baadaye, vita vikiwa vimewaka, Waingereza walipata mtambo wa kutoa maikrowevu zenye nguvu kwa ajili ya rada. Wakatafuta kihisio. Walichokiweka bombani kilikuwa kipande cha silikoni kilichobanwa kwa ncha ya waya mwembamba, yaani ndugu wa galena ya Bose.

Hapo ndipo hesabu za vishikilio zilipoanza kweli, kwa kuwa ndege ya adui haingoji mtu akichezea skrubu. Wataalamu wa maabara ya rada ya MIT walijifunza kuandika kila kijiti, kila mwanya na kila pembe ya bomba kama koili na kapasita kwenye karatasi, ili wajue kabla ya kukata chuma mtambo utafanya nini. Mwaka 1951 Marcuvitz alitoa kitabu kizima cha mifano hiyo. Mwaka 1971 Eisenhart na Khan walichambua kijiti chenye mwanya ndani ya bomba la pembe nne, kile kile cha kushikia dayodi, na wakapima kuona kama hesabu na chuma vinakubaliana. Vilikubaliana. Siku hizi kompyuta hufanya hesabu hizo, lakini kinachohesabiwa ni swali alilokuwa nalo Bose mkononi: kitu hiki nikishike wapi, na kwa nguvu kiasi gani?

Mwezi Septemba 2012 chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, IEEE, kilizindua huko Kolkata, ndiyo Calcutta ya zamani, kibao cha kukumbuka majaribio yake ya mawimbi ya milimita ya miaka ya 1894 hadi 1896.

Mwalimu wetu wa fizikia ana kipande cha galena kabatini na amekubali kutuazima. Tunataka kukibana kwa sindano, tuunganishe betri na galvanomita, tuone kama umeme utapita upande mmoja kuliko mwingine. Tunahitaji mtu mwenye mkono mtulivu wa kushika sindano, kwani mimi nimejaribu mara mbili na mshale haukutikisika. Anayetaka kujaribu aje maabara Ijumaa baada ya michezo. Skrubu tunazo.